Usiving'arishe kwanza: jibu kwa sista aliyekabidhiwa kabati la vifaa vya kale vya tiba

Aliyeuliza ni muuguzi mstaafu, miaka 34 kazini. Chuo alichowahi kufundisha kimemkabidhi kabati lenye vifaa vya tiba vya zamani vipatavyo 70, pamoja na chumba kimoja, kikamwomba akigeuze kuwa makumbusho madogo. Anataka kujua mambo matatu. Vifaa ving'arishwe kwa kitu gani ili vipendeze siku ya ufunguzi? Vile asivyovijua atavitambuaje? Na kwenye vibao aandike nini, maana wanafunzi waliochungulia kabatini walitoka wakisema kumbe madaktari wa zamani walikuwa wachinjaji? Ameambatanisha picha 11.

Shikamoo Sista.

Nimezitazama picha zako zote, nyingine mara tatu. Naomba nianzie mahali ambapo hukuuliza, kwa kuwa ndipo penye haraka. Picha ya 8, rafu ya chini, nyuma ya sinia: kuna chupa ya kahawia yenye kifuniko cha kioo, na shingoni pake pameganda unga wa njano. Usiishike. Usiisogeze hata kidogo ili usome lebo, usijaribu kukifungua kifuniko, na mwambie mwenye ufunguo asimruhusu mtu wa usafi aingie na kitambaa chake. Huenda ni kitu kisicho na madhara yoyote. Lakini unga wa njano kwenye kabati la hospitali la zamani, sisi wa kazi hii ya kutunza vifaa vya makumbusho huuhesabu kuwa ni asidi ya pikriki mpaka mtu wa kemia aseme vingine.

Asidi hiyo ilikuwa dawa ya majeraha ya moto tangu mwishoni mwa karne ya 19. Bandeji zilichovywa humo, ngozi ya mgonjwa na vidole vya muuguzi vikageuka njano. Maabara nazo ziliihitaji. Dawa ya Esbach, iliyopimia protini kwenye mkojo, ilichanganywa kwayo. Ikiwa imelowa maji imetulia. Ikikauka ni kilipuzi, na majeshi yaliijaza kwenye makombora ya mizinga. Chenga zilizokaukia kati ya shingo na kifuniko ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu kule kukisokota kifuniko ni msuguano wa kutosha. Ikigusana na metali hutengeneza chumvi ambazo ni kali zaidi. Basi piga simu kwa mamlaka ya kemikali hatari au kikosi cha kutegua vilipuzi, uwatumie picha ileile uliyonitumia mimi. Hawatakucheka, wameshaziona nyingi. Na kama pembeni yake kuna chupa ya zamani ya etha, ile dawa ya usingizi, waonyeshe na hiyo, maana etha iliyokaa miaka mingi nayo hujitengenezea vitu vya kulipuka.

Lile kopo la vipimajoto ni hatari ya polepole. Umesema kimoja kimevunjika. Kipimajoto cha homa kina zebaki kama gramu 1 hivi, nayo hugeuka mvuke kwenye joto la kawaida la chumba. Mashine ya presha ya zebaki ina makumi ya gramu, kwa hiyo ile ya picha ya 9 isimame wima, isiinamishwe na mtu asiyejua vali yake iko wapi. Kama kuna matone yaliyomwagika, vua pete kwanza, kwa kuwa zebaki hung'ang'ania dhahabu na fedha. Fungua madirisha. Usifagie, wala usilete mashine ya kufyonza vumbi. Vyote viwili huipasua zebaki kuwa matone yasiyoonekana. Yasukume kwa kadi mbili ngumu mpaka yaungane, uyaingize kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kusokota, kisha uikabidhi kwa wanaopokea taka za aina hiyo. Vipimajoto vizima kila kimoja kiwe na mfuko wake, vyote ndani ya boksi la plastiki. Kuonyesha unaweza kuonyesha kimoja, ndani ya kioo kilichofungwa.

La mwisho kwenye mlango huu wa hatari: bahasha ya filamu za eksirei. Angalia ukingoni mwa kila filamu. Ikiandikwa neno "Safety", pumua. Isipoandikwa, na ikawa imegeuka rangi ya asali, inanata na ina harufu kali, itoe nje ya jengo leo hii, uiweke mahali pa baridi mbali na moto, kisha utafute ushauri wa zimamoto. Filamu za zamani zilitengenezwa kwa nitrati ya selulosi. Tarehe 15 Mei 1929 filamu za namna hiyo ziliwaka kwenye stoo ya Cleveland Clinic huko Marekani, watu 123 wakafa, na wengi wao hawakuungua. Waliuawa na gesi waliyoivuta.

Haya, turudi kwenye swali lako la kwanza. Ving'arishwe kwa kitu gani? Visiguswe na dawa ya kung'arisha ya aina yoyote.

Najua inavyouma. Wewe una mkono wa wodini. Kwa miaka 34 kifaa chenye doa kwako kilikuwa kosa, na wanafunzi uliwarudisha wakaoshe upya. Ila wodini doa lilikuwa adui kwa sababu kifaa kilikuwa kinamwendea mgonjwa mwingine. Hiki hakiendi kwa mgonjwa tena. Kilichobaki juu yake, mikwaruzo ya jiwe la kunolea, weusi wa sufuria ya kuchemshia, kile kiungo kilicholegea kwa kufunguliwa mara elfu, ndiyo mali yenyewe uliyokabidhiwa. Ukiyafuta hayo unabaki na chuma.

Mimi mwenyewe nilifunzwa kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa kisu cha kukatia viungo, chenye mpini wa abunusi, nikakisugua kwa dawa ya kung'arishia shaba mpaka nikajiona uso. Mkuu wangu alikipeleka dirishani, akakigeuzageuza, akaniuliza jina la fundi limekwenda wapi. Picha ya zamani ilionyesha herufi tano karibu na mpini. Nilikuwa nimebakiza mbili. Na kwa kuwa mipini ile ilichongwa mistari inayokatana ili isimponyoke daktari mkono ukiwa na damu, dawa yangu nyeupe iliingia kwenye mistari ikakaukia humo. Imo mpaka leo. Katika mistari ileile pengine palikuwa na uchafu wa miaka 150, ambao ungemweleza mtu mwenye darubini mambo mengi, mimi niliuosha.

Kwa hiyo: brashi laini ya nywele, kavu, na kitambaa kavu cha pamba kisichoacha nyuzi. Basi. Kioo unaweza kukipitishia pamba iliyoloweshwa kidogo kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, ukakikausha papo hapo. Mbao, ngozi, mahameli na pembe za ndovu visione maji kabisa. Ndimu, siki, majivu, mafuta ya cherehani, kila alichokushauri jirani, weka kando. Kile king'ao cheupe juu ya makoleo yako ni nikeli, utando mwembamba sana uliopakwa juu ya chuma. Ukiusugua unapasuka kwenye viungo na kutu inaingilia hapohapo. Picha ya 3 inaonyesha mahali pawili ambapo tayari imeanza. Hiyo kutu usiikwangue. Iondolee unyevu, itasimama. Chuma hupenda unyevu wa chini ya asilimia 40 au 45, ila mbao na pembe za ndovu hupasuka hewa ikikauka mno, nawe una masanduku yenye vyote pamoja. Shika kati, karibu asilimia 45, na uhakikishe haipandi na kushuka kila siku. Kipimaunyevu kidogo ndani ya kabati na vipakiti vya silika vinavyobadilishwa vinatosha kwa makumbusho ya saizi yako.

Vaa glovu zako za kawaida za nitrili. Chumvi ya jasho huchora alama ya kidole juu ya chuma, na baada ya miezi alama hiyo huwa kutu yenye umbo la kidole chako. Pia zitakukinga na vile visu, maana kisu cha mwaka 1860 bado hukata.

Jambo moja dogo ambalo wengi hulisahau: mipira myekundu. Ile mirija na mabalbu ya mpira huoza polepole na kutoa salfa, na salfa huifanya fedha na shaba iwe nyeusi. Iwe na boksi lake, mbali na vingine. Na usifunge kitu chochote kwa rababendi.

Sasa kutambua. Una kitu kimoja kizuri sana humo, nacho ndicho ulichokiandikia "sijui, pengine ni cha fundi saa". Kisanduku cha shaba cha pembe nane, kinachojaa kiganja, juu kina skrubu na wenzo, ubavuni kitufe, na chini matundu membamba 12. Kinaitwa skarifiketa. Ndani yake kuna visu vidogo 12 juu ya vyuma vinavyozunguka. Daktari aliuvuta wenzo, springi ikakaza. Akakibandika juu ya ngozi ya mgongo, akabonyeza kitufe, na visu vyote vikachomoka, vikapiga nusu duara na kurudi ndani kabla mgonjwa hajasema "ah". Ile skrubu ya juu iliamua vizame kiasi gani. Kisha kikombe cha kioo kilichopashwa moto ndani kiligeuzwa juu ya vidonda; hewa ikapoa, ikanywea, ikavuta damu.

Lugha yetu inaijua kazi hiyo tangu zamani: ni kuumika, na pembe au kikombe chake ni chuku. Mimi hujiambia kwamba ndiko alikotoka mtu anayepiga chuku katika mazungumzo: tone moja la habari, likivutwa vizuri, linajaza kikombe.

Tafadhali usikitege uone kama bado kinafanya kazi. Springi imezeeka, ikikatika ndani haitengenezeki, na ikifanya kazi ni mbaya zaidi kwako. Kwenye picha wenzo umelazwa upande mmoja, nami sipendi ninavyouona. Inawezekana mtu alikitega miaka mingi iliyopita akakiacha. Kilaze matundu yakitazama chini juu ya sponji nene, kitufe kisiguswe na kitu.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi kilivyostaafu. Hakikushindwa na kifaa bora. Kilipoanza kupoteza heshima ni pale daktari mmoja wa Paris, Pierre Louis, alipokaa akahesabu wagonjwa wa nimonia waliotolewa damu mapema na waliotolewa baadaye, akachapisha hesabu zake mwaka 1835. Faida ilikuwa ndogo kuliko kila mtu alivyoamini. Mafundi waliendelea kuvitengeneza visanduku hivi kwa miaka mingi baada ya hapo, vizuri kabisa, springi safi, shaba safi. Nimewahi kukishika kimoja ambacho kilikuwa kazi ya mkono nzuri kuliko saa yangu.

Ule mrija wa mbao wa picha ya 2 umeuandikia "cha kusikilizia mtoto tumboni". Kwa mazoea yako ya leba ni haki yako kudhani hivyo, kwani kile cha Pinard, cha mwaka 1895, ndicho wakunga bado wanacho. Lakini tazama mdomo wake. Cha Pinard kina mdomo mpana kama kikombe, ili kikae juu ya tumbo. Chako kina mdomo mdogo, shina refu jembamba, na sahani pana ya sikio yenye rangi ya maziwa, ambayo nadhani ni pembe za ndovu. Hicho ni stetoskopu ya kifua ya sikio moja. Babu yake aliundwa na Laennec mwaka 1816 katika hospitali ya Necker, Paris: aliona haya kulaza sikio kifuani pa mgonjwa mwanamke kijana, akaviringisha karatasi, akasikia moyo vizuri kuliko alivyowahi kuusikia. Baadaye alichonga mrija wa mbao wa karibu sentimita 30 uliotenganishwa vipande viwili. Za masikio mawili zilianza mwanzoni mwa miaka ya 1850, ila za mbao ziliendelea kutumika kwa muda mrefu, kwa hiyo umbo peke yake lisikufanye uandike "1820". Na kwa sababu ya ile sahani, siku ukitaka kuuazimisha nje ya mipaka ya nchi, sheria za biashara ya pembe zitakuhusu.

Hapo ndipo ninapotaka usimame kidogo, kwa kuwa ndipo makumbusho madogo mengi hujikwaa. Kila dalili ya umri hukuambia kifaa hakikutengenezwa kabla ya lini. Haikuambii kiliacha kutumika lini. Msumeno mzuri ulirithiwa na madaktari watatu.

Ukishalikubali hilo, dalili zenyewe si ngumu. Anza na mpini. Mipini ya abunusi, pembe, mfupa na ganda la kobe ni ya dunia ambayo haikuwa inachemsha vifaa. Joseph Lister alichapisha kazi yake ya kuua vijidudu kwa asidi ya kaboliki mwaka 1867, na katika miongo iliyofuata, kadiri sufuria na mtungi wa mvuke vilivyoingia chumba cha upasuaji, mbao ilitoka. Ilipasuka, ikavimba, ikashika uchafu. Ndiyo maana makoleo yako ya picha ya 5 ni metali tupu mpaka mwisho, na ukiyafungua kwa pembe fulani yanaachana vipande viwili. Mwanafunzi atadhani yameharibika. Yaliundwa hivyo ili maungio yake yaoshwe. Sanduku nalo lilibadilika: mahameli mekundu yenye mashimo ya kila kifaa yakawapisha masinia ya metali. Weka sanduku la mbao na sinia ya metali kwenye rafu moja, mgeni aone mwenyewe kilichotokea kati yao. Hutahitaji maneno mengi.

Maandishi ndiyo mafupi kuliko yote lakini husema sana. "Made in Germany" kwa kawaida ni baada ya mwaka 1887, Uingereza ilipotunga sheria ya kudai bidhaa za nje zitaje zilikotoka. "D.R.G.M.", alama ya Kijerumani ya muundo uliosajiliwa, haiwezi kuwa kabla ya 1891. Neno "stainless" halikuwapo kabla Harry Brearley hajapata chuma chake kisichoshika kutu huko Sheffield mwaka 1913, na kwenye vifaa vya upasuaji lilikawia zaidi. Mkuki mfupi wa mistari mitatu ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, mara nyingi jeshi. Jina la fundi likiwa na anwani, umepata bahati, maana mafundi walihama na tarehe za kuhama zinajulikana. Katalogi zao za zamani nyingi zimewekwa kwenye intaneti na zina michoro ya kila kifaa. Ile ya George Tiemann wa New York ya mwaka 1889 naifungua kila wiki. Kusoma maandishi, zima taa ya chumba, lalisha tochi karibu na chuma ili mwanga upite kwa ubavu. Herufi ambazo huzioni mchana zitainuka.

Kwenye picha ya 7 nimesoma "Charrière". Jina hilo umelitumia kazini mwako labda kila siku bila kujua. Joseph Charrière alikuwa na karakana yake Paris, akafa mwaka 1876, na ndiye aliyepanga saizi za mipira ya mkojo kwa theluthi ya milimita. Ukisema "nipe katheta namba 18", yaani kipenyo cha milimita 6, unahesabu kwa kipimo chake. Watu wa Ufaransa waliiita kwa jina lake, wengine wakaiita ya Kifaransa. Kama ningekuwa na chumba chako, ningeweka kifaa chake na kando yake katheta mpya ya leo kwenye pakiti yake. Wanafunzi wako watakwenda hapo kwanza.

Usajili nitaupitia haraka kwa kuwa daftari la wodi umeshalijaza maisha yako yote na hili halitofautiani sana. Kila kitu namba moja, isiyorudiwa. Sanduku lenye vifaa lipewe namba, na vifaa vyake namba ndogo chini yake, pamoja na mashimo matupu: andika "nafasi ya msumeno, haupo". Shimo tupu ni habari. Namba iandikwe kwenye kikaratasi kilichofungwa kwa uzi wa pamba. Selotepu na rangi ya kucha hapana. Piga picha na rula kando. Nakala ya daftari ikae jengo jingine. Na kabla ya lolote, pata barua ya chuo inayosema vitu hivi ni vya nani, maana mkuu wa sasa atahamishwa na anayekuja anaweza kuhitaji kabati. Kama humo mna mfupa wa mtu au chupa yenye kiungo, usikiweke chumbani. Tuandikiane upya, hilo ni jambo la peke yake.

Nimebakiza vibao, ambavyo nadhani ndivyo hasa vilivyokufanya uandike.

Wanafunzi hawakukosea kushtuka. Walikosea kwa sababu walioneshwa msumeno bila mgonjwa. Ukiandika "Msumeno wa kukatia mfupa, karne ya 19", umewaachia wajaze wenyewe, nao watamjaza mchinjaji. Robert Liston wa London alisifika kwa kukata mguu kwa kasi, na mtu akisikia hilo bila lililobaki anamwona mkatili. Lililobaki ni kwamba mgonjwa alikuwa macho. Tarehe 16 Oktoba 1846, huko Boston, William Morton alimvutisha mgonjwa etha mbele ya madaktari, na tarehe 21 Desemba mwaka huohuo Liston mwenyewe alikata mguu wa mtu aliyelala. Msumeno ni uleule. Kibao changu kingesomeka hivi:

"Msumeno wa kukatia mfupa. Mpini wa abunusi, meno ya chuma. Kabla ya mwisho wa mwaka 1846 aliyekatwa kwa msumeno kama huu alikuwa macho, ameshikwa na watu. Daktari aliharakisha kwa ajili yake. Tazama mistari kwenye mpini: ni ya kuzuia mkono usiteleze."

Maneno 40. Usizidishe 50, mtu anasoma akiwa amesimama. Wala usiweke rangi nyekundu, wala sanamu lenye bandeji. Wewe unajua damu inafananaje, wao wataijua.

Kile cha picha ya 6, chenye midomo miwili kama ya bata iliyopindwa, kinahitaji ujasiri zaidi. Ni spekulamu ya Sims, kifaa cha kupanua uke ili daktari aone ndani. Vitabu vingi vilimwita J. Marion Sims baba wa upasuaji wa magonjwa ya wanawake. Alijifunzia kazi hiyo huko Alabama kati ya 1845 na 1849 kwa kuwapasua wanawake watumwa, tena na tena, bila nusukaputi. Wengi wao majina yao hayakuandikwa. Watatu yaliandikwa: Anarcha, Betsey na Lucy. Sanamu yake ya New York iliondolewa mwaka 2018. Kifaa chenyewe kilisaidia wanawake wengi baadaye, na hilo nalo ni kweli, liandike. Lakini nakushauri majina ya wale watatu yatangulie lake kwenye kibao, kwa herufi za saizi moja. Mkuu wa chuo akiuliza kwa nini, mwonyeshe barua hii.

Kuna rafu moja ambayo huniulizi chochote juu yake: mabomba ya sindano ya vioo, picha ya 11. Umeyaita "haya ya kawaida tu". Sista, hayo ndiyo ambayo mimi siwezi kukusaidia na wewe unaweza. Naona namba ndogo iliyochorwa kwenye bomba na nyingine kwenye pistoni, kwa kuwa kila pistoni ilisagwa ikae ndani ya bomba lake na si jingine. Naona mawili ambayo namba hazilingani. Nani aliyachanganya, na mlifanyaje dawa ilipovuja kwa nyuma? Mlinoa sindano kwa jiwe gani, na mlijuaje kwamba ncha imekuwa na ndoano? Kwa pamba, ukucha? Mlichemsha dakika ngapi kweli, si zile za kitabuni? Zamu ya usiku mlifanyaje jiko likizima? Kabla hujagusa hata brashi, chukua daftari, andika hayo kwa mkono wako, weka tarehe na sahihi, kisha ulipe namba ya usajili kama kifaa kingine chochote. Unipigie na picha ya zile pistoni mbili kwa karibu.